Mas'ala ya Mbwa na Usuhuba

Bismillahi Rahmani Rahim.

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja aliinua mkono akatuuliza swali kwa adabu kamili. Alisema: Yuko Muislamu ambaye kila Jumamosi, baada ya sala ya Alfajiri, hutoka kwenda kukimbia ufukweni pamoja na rafiki yake, na rafiki huyo hufuatwa na mbwa wake. Mbwa huingia baharini akarowa, kisha hupita katikati yao, na pengine humgusa mmoja wao mguuni. Je, Muislamu huyo ana hukumu gani katika nguo zake na sala yake? Na je, yafaa kuendelea na usuhuba huo, au ni bora auache?

Darsa ikanyamaza kimya, kwani hapakuwa na mtu hata mmoja pale asiyejua ya kuwa Muislamu huyo anayeulizwa khabari zake ni sisi wenyewe tuliokaa juu ya mswala tukiulizwa. Usiku ule tulijibu nusu ya swali, ile iliyo nyepesi, ya nguo na sala. Nusu ya pili tukaiahirisha, tukasema yahitaji kutazamwa vitabuni. Ukweli ni kwamba haikuhitaji vitabu. Leo imepita miezi minne, na kwa kuwa kuchelewa kwetu kulileta madhara, tumeona ni wajibu tuijibu kwa maandishi, ili ajue aliyeuliza, na wajue na wale waliomtuma aulize.

Kwanza tueleze tulivyofika ufukweni. Kazi ya kusomesha ni kazi ya kukaa. Msomeshaji hukaa asubuhi, hukaa alasiri, hukaa baada ya Magharibi. Na baina ya vikao hivyo hualikwa kwenye ndoa na hitima, na huko nako hukaa, mbele ya sinia la pilau. Tulipofikia umri wa miaka arobaini na mitatu daktari alitupima damu akatwambia ya kuwa sukari imepanda na presha yaifuata. Akatuandikia vidonge, kisha akauliza twatembea kiasi gani kwa siku. Tulipomwambia kwamba twatoka nyumbani hadi msikitini alifurahi, mpaka alipojua ya kuwa nyumba yetu na msikiti vimetengwa na ukuta mmoja. Hapo tukakumbuka jambo ambalo sisi wenyewe tumewasomesha wengine mara nyingi: kwamba Mtume (s.a.w.) alipopata khabari ya Abdullah bin Amri bin al-As kuwa hufunga kila siku na kusimama kila usiku, alimkataza, akambainishia ya kuwa mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Mwenye kuifasiri kwa saumu na sala za usiku peke yake ameipunguza. Mwili ni amana, na amana hii huharibiwa na pilau na kukaa kitako kama inavyoharibiwa na ibada iliyopita kiasi.

Walikuwapo waliosema kwamba mbio zaondoa muruwa wa mtu wa elimu. Muruwa ni jambo la kweli katika fiqhi yetu. Wanavyuoni wa Kishafi wameutia katika masharti ya shahidi, wakasema mtu afanyaye mambo yasiyolingana na watu wa mfano wake, mahali pake na zama zake, ushahidi wake hutiwa ila. Lakini mizani yenyewe ni desturi ya watu wema, na desturi hugeuka. Kutembea kichwa wazi sokoni kumetajwa vitabuni kuwa ni katika mambo yavunjayo muruwa. Leo ni kadhi gani atakayeukataa ushahidi wa mtu kwa kukosa kofia? Tena imepokewa na Abu Daud ya kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, Bibi Aisha akamshinda, na baada ya muda, mwili wa Bibi Aisha ulipokuwa umejaa, wakashindana tena naye Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa wamelipana. Mwenye kuogopa kwamba mbio zitampunguzia heshima na amtazame huyu. Sisi tulivaa suruali pana ipitayo magoti, fulana ya mikono mirefu na kofia, tukanunua raba. Mbio zilizokatazwa tuzijuazo ni za kuikimbilia sala ya jamaa, ambayo mtu ameamrishwa aiendee kwa utulivu. Na ajabu ni kwamba hizo ndizo tuzionazo msikitini kila siku, wala hapana anayezikemea.

Mwenzetu tumesoma naye chuo kimoja, juu ya jamvi moja, tukachapwa kwa bakora moja. Yeye hakuendelea na elimu. Alikwenda kwenye mifugo kama babake, na leo ana mbuzi wa maziwa ishirini na kitu nje kidogo ya mji wetu wa Malindi. Mwaka juzi wezi walimwingilia mara mbili, na mara ya pili wakachukua mbuzi saba. Ndipo alipochukua mbwa, mbwa wa kienyeji wa rangi ya mchanga, akamlea zizini. Jina lake ni Simba, ingawa sisi hatukulitamka jina hilo mwaka mzima. Usiku hulinda, na Jumamosi akifunguliwa humfuata bwana wake mpaka ufukweni.

Twaanzia karibu na mnara wa Vasco da Gama, yule Mreno aliyefika Malindi mwaka 1498, twaelekea kusini upande wa Casuarina, tukachoka, tukarudi. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri, na jua linapochomoza yameanza kupwa, yakaacha mchanga mgumu mfano wa sakafu, mwema kwa magoti ya mtu mzima. Wakati wa kusi pwani hujaa mwani, mguu wateleza na pua yakereka. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki hushuka na udongo, bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Wavuvi huwa wamekwisha kutoka. Mbwa hutangulia mbele, hurudi, hututazama kama tupo, huenda tena.

Na mwenzetu, ambaye utotoni alihifadhi mpaka Juzuu ya Tabaraka, alikuwa ameisahau. Akatuomba tumsahihishe njiani. Basi ikawa twakimbia naye akisoma, aya kwa pumzi, akikosea twasimama, akipata twaendelea. Tulianza Sura ya al-Mulk mwezi wa Rajabu, tukamaliza al-Qalam, tukaingia al-Haqqa. Tumesomesha watu wengi vyumbani, chini ya feni, na tunakiri ya kuwa hapana darsa tuliyoipenda kama hiyo. Haya tunayaeleza kwa urefu ili ifahamike ni kitu gani tulichokiacha baadaye kwa maneno ya watu.

Sasa tuje kwenye hukumu. Sisi watu wa pwani hii aghalabu yetu ni Mashafi, na katika madhehebu ya Imamu Shafi mbwa ni najisi nzito, mwili wake, mate yake, jasho lake na unywele wake. Kilichoguswa naye penye umajimaji huoshwa mara saba, na mojawapo huwa kwa udongo. Asili yake ni hadithi ya Abu Huraira khabari ya chombo alichokiramba mbwa, nayo imo katika Sahihi ya Muslim. Lakini kikavu kwa kikavu hakinajisiki. Kwa hivyo mbwa mkavu akigusa suruali kavu hapana la kuosha. Mbwa aliyetoka baharini akimgusa mtu mguu, ataosha mahali palipoguswa peke yake, si mwili mzima wala si nguo zote, kisha ataswali. Na udhu wake upo palepale, maana kuguswa na mbwa si katika vitenguzi vya udhu. Jambo ambalo tumegundua ya kuwa hata wazee wa safu ya kwanza hawalijui. Sisi tuna kopo la udongo safi bafuni, kando ya ndoo. Ahli zetu walilicheka kopo hilo siku za mwanzo, kisha wakalizoea. Kazi yote haifiki dakika tano.

Imamu Malik, ambaye ni sheikhe wa Imamu Shafi, ameona kwamba mbwa aliye hai ni twahara, na kuosha chombo ni ibada tuliyoamrishwa; na katika hoja zake ni kwamba Qurani, katika Sura ya al-Maida, imehalalisha windo ambalo mbwa amelikamata kwa kinywa chake. Mahanafi wamesema najisi ni mate, ama mwili si najisi. Na Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar ya kuwa zama za Mtume (s.a.w.) mbwa walikuwa wakiingia na kutoka msikitini, na watu hawakuwa wakinyunyiza maji kwa ajili yao. Hatuyataji haya ili watu wahame madhehebu kwa kukimbia ndoo saba za maji. Sisi twaosha saba. Twayataja ili ijulikane ya kuwa jambo ambalo maimamu hawa wamehitilafiana, nao wakaheshimiana, si jambo la kumvunjia Muislamu heshima yake sokoni.

Ama kumfuga, hadithi ya kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa kila siku na kirati ya thawabu, na katika riwaya nyingine kirati mbili, ni sahihi wala hatuifichi. Lakini hadithi yenyewe imemtoa mbwa wa mifugo, na wa kuwinda, na wa shamba. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo tunavyovitegemea, ameona kuwa iliyo sahihi zaidi ni kwamba hata mbwa wa kulinda nyumba yafaa, kwa kumkisi juu ya hao. Mwenzetu hakuhitaji hata kisi hicho. Mbuzi zake ni mifugo kwa maana ya wazi ya hadithi. Na hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa nayo ni sahihi. Mbwa huyu halali nyumbani, hulala zizini. Anayefuga mbwa kwa pambo na fakhari, akamlaza kitandani, swali lake ni jingine, na jawabu lake halitampendeza.

Huu ndio mwisho wa nusu ya kwanza, na mtazame ilivyo fupi: maji, udongo, na mahali pa kumlaza mnyama. Hatujaona katika kitabu chochote tulichosomeshwa hukumu isemayo kwamba kilicho najisi chafaa kuteswa, wala kwamba najisi hupanda kutoka kwa mnyama ikamshika bwana wake katika utu wake. Damu yetu ikitoka ni najisi. Mtoto mchanga huwanajisi wazazi wake mara nyingi kwa siku, na mamake humwosha, humbusu, akamrudisha kifuani. Hapana aliyesema mama yule amchukie mwanawe mpaka akue. Najisi ni sifa inayohusu sala: yazuia kitu kisisimame na mja mbele ya Mola wake mpaka kiondolewe. Thamani ya kiumbe kwa Muumba wake ni mlango mwingine kabisa.

Na mlango huo umefunguliwa kwa ajili ya mbwa hasa. Wale vijana wa Pangoni waliokimbia na dini yao walifuatana na mbwa, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Kahf amemtaja amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Na watu walipokhitilafiana khabari ya idadi yao, kila kauli iliyotajwa imemhesabu pamoja nao. Aya hizi husomwa na Waislamu kila Ijumaa. Na imepokewa katika Sahihi mbili khabari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno akapanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Na katika riwaya nyingine ni mwanamke mzinifu wa Bani Israili. Alighufiriwa kwa mbwa. Kiatu chake bila shaka kilinajisika, na bila shaka kilioshwa.

Hapa tutoe neno moja kando. Wapo wanaopenda kusema kwamba sharia iliamuru mara saba na udongo kwa sababu ya vijidudu, na kila mwaka huja na sababu mpya ya kitabibu. Hatupendi njia hii. Twaosha kwa kuwa tumeamrishwa; na lau kesho tabibu atasema mate ya mbwa ni safi kuliko ya mwanadamu, tutaosha vilevile.

Na neno la pili, lenye uchungu. Mji wetu huu una watu ambao mbwa akipita mbali hukunja kanzu zao mpaka magotini, na hao hao wamekaa juu ya fungu la mirathi la dada zao mwaka wa kumi huu. Mali hiyo haioshwi kwa saba wala kwa sabini.

Turudi kwenye nusu ya pili ya swali. Baada ya usiku ule wa darsa, hatukwenda ufukweni Jumamosi iliyofuata. Tulimpelekea mwenzetu ujumbe wa simu kwamba magoti yanauma. Magoti hayakuwa na neno. Jumamosi ya pili tukasema tuna wageni. Ya tatu hatukusema kitu, naye hakuuliza. Ikatimia Jumamosi tano. Tulijiambia kwamba twailinda heshima ya elimu, na kwamba mwenye kusomesha lazima ajiepushe na mahali pa tuhuma. Na kujiepusha na tuhuma, kwa hakika, ni jambo lililofundishwa na sharia. Lakini mwenye kujiepusha na tuhuma huibainisha, kama Mtume (s.a.w.) alivyowaita Maansari wawili waliomwona usiku na mwanamke, akawaeleza ya kuwa ni mkewe, Safiyya. Hakumwacha Safiyya njiani ili watu wasiseme. Sisi tulifanya kinyume chake. Hatukubainisha neno, tukamwacha mtu. Wala si elimu tuliyoilinda, bali ni jina letu.

Jumamosi ya sita mwenzetu alikimbia peke yake na mbwa wake, na wakati wa kurudi akapita njia ya nyuma ya chuo chetu. Watoto walikuwa wakiingia kwa darasa la asubuhi, wa miaka minane mpaka kumi na mmoja. Wakaokota mawe. Mwenzetu aliwapigia kelele, nao wakadhani ni mchezo. Jiwe moja lilimpiga mbwa mguu wa nyuma ukavunjika. Sisi tulisikia mlio tukiwa ndani tukifungua daftari la mahudhurio, tukatoka tukakuta damu njiani, na mwenzetu amemfunga mbwa kwa shuka lake, amembeba kifuani kama mtoto, anakwenda zake. Alitutolea salamu, tukaitikia. Hakusema zaidi.

Tuliwapanga wale watoto tukawauliza: Nani amekufundisheni haya? Wakatazamana. Kisha mkubwa wao, mtoto mwema, hodari wa tajwidi, akasema bila ya ujeuri wowote: "Maalim, si umetufundisha mbwa ni najisi? Na wewe mwenyewe si umemwacha yule mzee kwa ajili ya mbwa?"

Ndugu zetu, tumesimama mbele ya wanavyuoni wakubwa tukaulizwa katika nahau na katika mirathi, na hatukuwahi kukosa jawabu kama tulivyokosa mbele ya mtoto yule. Kwani alisema kweli mara mbili. Tulikuwa tumewafundisha babu ya najisi kwa ukamilifu, idadi na udongo na umajimaji, mpaka waihifadhi. Hadithi ya kiatu na kisima hatukuwafundisha, kwa kuwa haimo katika mlango wa twahara na sisi hufundisha kwa milango. Na lile ambalo hatukulifundisha kwa ulimi tulilifundisha kwa magoti yasiyouma. Mtoto humtazama mwalimu wake zaidi ya anavyomsikiliza. Alituona tunamkimbia mtu kwa ajili ya mnyama, akapima, akaona kwamba kama mtu huachwa, basi mnyama hupigwa.

Lipo na jambo la afya hapa, nalo si dogo. Mbwa apigwaye mawe huuma, na kichaa cha mbwa dalili zake zikisha kutokea kwa mwanadamu, ni nadra mno kupona. Serikali ya Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya maradhi haya ifikapo mwaka 2030, na njia yake kubwa ni kuchanja mbwa. Shirika la Afya Duniani lasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 maradhi hukatika. Nani atampeleka mbwa wake kuchanjwa katika mji ambao kuonekana na mbwa ni aibu? Mbwa wa mwenzetu alikuwa amechanjwa, na cheti anacho. Ama mtoto akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile apewe chanjo. Mzazi asingoje kuona kama mtoto atakuwa mgonjwa, wala asitosheke na kombe.

Tulikwenda kwa mwenzetu baada ya Alasiri. Afisa wa mifugo alikuwa amekwisha kuufunga ule mguu kwa vipande vya mbao. Mwenzetu alikuwa akikama mbuzi, hakuacha kukama.

Akatuuliza: "Magoti yamepona?"

Tukamwambia: "Hayakuwa na ugonjwa."

"Najua. Magoti mabovu hayapandi ngazi za mimbari kila Ijumaa."

Tukamweleza yote, swali la darsani na maneno ya watu na maneno ya mtoto, na tukamtaka radhi. Alinyamaza mpaka akamaliza mbuzi yule. Kisha akasema: "Ungeniambia, bwana, ningemfunga zizini. Mbwa hafi kwa kufungwa saa moja. Mimi nalidhani umeona sisomeki." Na baada ya kitambo akaongeza: "Nimekwama katika al-Haqqa. Nimejaribu peke yangu, kila nikifika katikati nachanganya."

Hayo ndiyo yaliyotuvunja zaidi. Sisi siku zote zile tulikuwa tukipima sifa yetu mjini, na yeye alikuwa akikimbia ufukweni, akikosea aya, hana wa kumsimamisha. Suluhu ilikuwa kamba ya shilingi chache, na neno moja la kweli baina ya marafiki; na neno hilo tuliliona zito kuliko kumpoteza.

Basi jawabu la nusu ya pili ni hili. Usuhuba wa Muislamu mwema hauachwi kwa sababu ya mbwa anayemfuga kwa ruhusa ya sharia. Anayehofia najisi atamwomba rafiki yake amfunge mnyama, au ataosha; yote mawili ni mepesi, na kumhama ndugu zaidi ya siku tatu kumekatazwa kwa hadithi iliyo sahihi kuliko hoja zote tulizojitungia. Na mtu akiwa ameshindwa na yote mawili, na amwambie rafiki yake sababu usoni, asimwambie ana magoti. Tuliyemuudhi tumemtaka radhi, naye ametusamehe, na tunawataka radhi vilevile watu wa darsa ambao tuliwaonyesha mfano mbaya tukauita uchaji.

Kijana aliyeuliza tunamshukuru. Twajua alitumwa, na twajua nani waliomtuma. Nao twawaalika Jumamosi, baada ya Alfajiri, karibu na mnara. Wavae raba.

Ama wale watoto, hatukuwachapa. Tumewasomesha hadithi ya kisima, kisha tumewapangia zamu: kila Alkhamisi na Ijumaa, ambapo chuo hakisomeshi, wawili wao huenda zizini kumpelekea Simba maji na makoko ya wali mpaka mguu ushike. Wazee wawili wamekuja kulalamika kwamba watoto wao wametumwa kwa mbwa. Tumewaonyesha kopo la pili la udongo, ambalo sasa liko mlangoni mwa chuo, kando ya birika, na tumewaonyesha namna ya kulitumia. Mmoja wao ameridhika. Wa pili amemhamisha mtoto wake, nasi milango yetu iko wazi siku atakayotaka kumrudisha.

Wallahu aalam.